Chupa Niliyoiosha kwa Sabuni
Juzi dada mmoja wa Bondo ameniandikia: "Kaka, nimepata nafasi ya uzamili, nataka kutambua seli za kinga kwa saitometria ya masi. Nianzie wapi?"

Anzia kwenye sinki, dada yangu.

Mimi nilitoka Kisumu nikijiona nimefika. Somo nilikuwa nimelikariri: kila kingamwili, yaani protini ya kinga inayonasa kitu kimoja tu, unaifunga isotopu (aina) ya metali yake, inanasa alama yake kwenye seli. Alama CD3 ni ya seli T, CD19 ni ya seli B, CD14 ni ya monosaiti, zote seli za kinga. Kisha seli zinapulizwa mojamoja ndani ya plazma ya argoni, yaani gesi yenye joto la maelfu ya nyuzi, zinaungua kabisa, na mashine inapima masi ya ayoni za metali zilizobaki. Alama zaidi ya 40 kwa seli moja! Kondele nzima ilinisikia.

Nikapewa wiki mbili kwenye mashine ng'ambo, na mirija 12 ya seli kutoka nyumbani. Sasa, mimi nimelelewa na mama muuza samaki Kibuye. Kwetu chombo kisichotoa povu hakijaoshwa. Asubuhi ya kwanza nikaona chupa ya kioo, nikaisugua kwa sabuni ya vyombo hadi ikalia, nikaijaza yale maji safi ya kuoshea seli mara ya mwisho.

Kwenye mrija wa tatu fundi akazima. Skrini ilikuwa imejaa bariamu, nayo ni metali ambayo mashine huipima kama zile zetu, na ikiwa nyingi huharibu kigunduzi. Sabuni nyingi huwa nayo. Mirija mitatu ikawa imekwenda, maana seli ikishaungua hairudi. Iliyobaki tukaiosha upya, na kila duru ya sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha mirija, inakula seli.

Msimamizi wangu akatuma barua pepe, nakala kwa idara nzima, akiniita "mwosha vyombo". Miezi saba nilikwepa korido ile. Hadi leo sijasahau.

Lakini mwezi jana nimetetea tasnifu yangu, na seli NK, aina nyingine ya seli za kinga, zilisimama peke yake kwenye mchoro kama kisiwa cha Rusinga. Aliyeniita mwosha vyombo alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Kwa hiyo: chupa mpya za plastiki, sabuni isiziguse, ziandike jina. Narudia, sabuni isiziguse. Vijana mnapenda mashine, kuosha mnamwachia nani?

Dada wa Bondo, nitumie kwanza picha ya chupa zako. Orodha ya kingamwili tutaiangalia baadaye.