The Cocoanuts: majibu kwa waliouliza kuhusu ndugu wa Marx

Wiki hii tunajibu maswali kuhusu The Cocoanuts, filamu ya vichekesho iliyotoka Marekani mwaka 1929, wakati sinema ndiyo kwanza inaanza kusema. Waigizaji wake wakuu ni ndugu wanne wa tumbo moja: Groucho, Harpo, Chico na Zeppo Marx.

Nimeitazama nikachoka. Kamera haisogei, watu wamesimama tu. Hawakujua kazi?

Kazi waliijua sana, ndugu yangu. Kilichowabana ni mitambo ya sauti. Kamera za wakati ule zilikuwa na kelele, kwa hiyo zilifungiwa pamoja na mpigapicha ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, na kibanda hakiwezi kumkimbiza mwigizaji. Groucho, aliyezoea kuzunguka jukwaa zima, alikuwa akipotea nje ya picha.

Maikrofoni nazo zilinasa kila mchakacho. Rudia sehemu ambayo Groucho anamwonyesha Chico ramani ya viwanja, uitazame karatasi yenyewe: imelegea, inaning'inia mikononi. Ililowanishwa maji makusudi, kwa sababu karatasi kavu ikikunjuliwa ilikuwa inayafunika maneno. Na bado wawili hao wanasemezana kwa kasi ileile ya jukwaani, Groucho anaeleza, Chico anaelewa kinyume, hadi mwenye ramani anachanganyikiwa mwenyewe. Mimi naipenda filamu hii kwa ajili ya dakika hizo kuliko kitu kingine chochote.

Sauti imekuja, mbona Harpo hasemi hata neno? Alikuwa bubu?

Hapana, nje ya kazi aliongea kama watu wote. Kunyamaza kulikuwa sehemu ya mhusika wake tangu enzi za jukwaani, na sauti ilipoingia kwenye sinema hakubadilisha kitu. Alifanya vyema. Pale mapokezi ya hoteli anatafuna simu kisha anashushia na wino, uso umetulia kama mtu anayekunywa chai ya jioni. Dada aliyetuandikia kwamba Kiingereza chao kinampita kwa kasi, namshauri amfuate Harpo kwanza. Na Harpo akikaa kupiga kinubi, asimruke.

Hadithi inahusu nini hasa? Mbona kuna mnada wa viwanja?

Katikati ya miaka ya 1920 Wamarekani walishikwa na homa ya viwanja vya Florida. Watu walinunua ardhi wasiyowahi kuiona, bei zikapanda kila kukicha, halafu soko likaporomoka. Tamthilia iliyozaa filamu hii ilianza kuonyeshwa Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo jijini New York, mwezi Desemba 1925, homa ikiwa bado kali. Iliandikwa na George S. Kaufman, nyimbo zikatungwa na Irving Berlin.

Groucho ni meneja wa hoteli ya huko Florida isiyoingiza kitu, anayetafuta pesa kwa kunadi viwanja. Anampanga Chico ajifanye mnunuzi ili apandishe bei. Chico anapandisha kweli, ila hajui kuacha: wengine wakinyamaza, anajipandishia mwenyewe. Aliyewahi kuuziwa kiwanja hewa atacheka kwa uchungu. Kuna pia mkufu unaoibwa na wapenzi wawili wanaoimba. Nyimbo zao zinapooza mambo, na sioni ubaya ukiziruka.

Walienda Florida kuipiga?

Hawakwenda. Ufukwe na minazi ni vya studio ya kampuni ya filamu ya Paramount huko Astoria, Queens, New York. Mapema mwaka 1929 ndugu hao walikuwa na tamthilia nyingine Broadway, Animal Crackers, hivyo mchana walikuwa mbele ya kamera na usiku jukwaani. Waongozaji walikuwa Robert Florey na Joseph Santley.

Hawa ndio wale wa kuzabana vibao na kuchomana vidole machoni?

Hapana, hao ni The Three Stooges, kundi jingine la wachekeshaji. Moe, Larry na Shemp walionekana kwenye Soup to Nuts ya 1930, wakiwa bado chini ya mchekeshaji Ted Healy, kiongozi wao wa wakati ule.

Wenyewe waliipenda kazi yao?

Inasimuliwa kwamba walipoiona walitaka kuinunua filamu ili isionyeshwe. Paramount ilikataa, na watu wakajaa kumbi. Zikafuata nyingine nne za kampuni hiyohiyo, ya mwisho ikiwa Duck Soup ya 1933. Mama yao Minnie, aliyewasukuma jukwaani tangu utotoni, alifariki Septemba 1929, miezi michache tu baada ya filamu kutoka.

Naipata wapi bila kuvunja sheria?

Nchini Marekani haina tena hakimiliki tangu tarehe 1 Januari 2025. Kwingineko sheria hutofautiana, basi angalia ya nchi yako. Tafuta nakala iliyosafishwa. Zile za zamani zina sehemu zilizofifia na sauti ya kukwaruza, na filamu hii bila sauti safi utaikosa nusu yake.