Kushona mishipa midogo bila kusubiri kozi

Daktari mwenzangu, umeuliza utajifunzaje kushona mishipa midogo ya damu wakati nafasi za kozi ni chache. Usisubiri. Anza na kipande cha glavu: kichane kidogo, kishone kwa uzi mwembamba wa upasuaji, saizi 8-0, mpaka mkono uache kutetemeka. Kisha chukua paja bichi la kuku, utafute ateri yake, uikate na kuiunga kwa uzi wa 9-0, mwembamba zaidi. Ukimaliza, ichane kwa urefu uitazame ndani. Hapo ndipo utakapoona kosa linalotusumbua sana tunapoanza: sindano imenasa ukuta wa upande wa pili wa mshipa, njia ya damu imezibwa. Hadubini ya maabara yenye nafasi ya mikono chini ya lenzi inatosha. Na idara iwatengee saa za mazoezi kwenye ratiba, si usiku baada ya zamu.