Jibu: Treni ya Bangkok hadi Chiang Mai, na usafiri wa pale mjini

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba tiketi ya treni ya usiku kwenda Chiang Mai unayo tayari, ila hujui upandie kituo gani cha Bangkok, wala namna ya kufika mji wa kale wa Chiang Mai bila kukodi teksi.

Angalia kwanza jina la kituo lililochapwa kwenye tiketi. Tangu Januari 2023 treni za masafa marefu za kaskazini huondokea Krung Thep Aphiwat, si Hua Lamphong, ingawa vitabu vya zamani vya wasafiri bado vinakitaja hicho cha pili. Panda MRT, yaani treni ya mjini ya Bangkok, njia ya buluu, ushuke Bang Sue, kituo kilichounganishwa na hiyo Krung Thep Aphiwat.

Nje ya stesheni ya Chiang Mai utaona songthaew nyekundu, yaani pikapu zilizoezekwa zenye mabenchi mawili yanayotazamana, mithili ya daladala za Unguja. Hazina njia maalumu. Mwonyeshe dereva jina la unakokwenda likiwa limeandikwa kwa Kithai, usubiri aitikie kwa kichwa; akikataa, ngoja nyingine. Usianze kwa kuuliza bei, kwani huenda akadhani unalikodi gari zima: mimi niliuliza nikatozwa baht 150, na jioni yake, nikiwa nimebanana na mama mmoja aliyepakata kapu la mboga, nikalipa 30. Unapotaka kushuka, bonyeza kengele iliyo darini, kisha umlipe dereva dirishani kwa noti ndogo.