Mpiga teke wa NFL: mbona hukosa?

SWALI: Mpiga teke wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, kazi yake ni moja tu: kupiga mpira golini. Mbona hukosa hata mpira wa yadi 40? Na ajira yake ikoje?

JIBU: Nguvu anazo, muda ndio hana. Tangu mpira urushwe nyuma hadi upigwe ni kama sekunde 1.3. Katika muda huo mshikaji, aliyepiga goti yadi 7 au 8 nyuma ya mstari mpira unakoanzia, audake, ausimamishe na kugeuza nyuzi za mshono wa mpira zielekee golini. Nyuzi zikibaki upande wa mguu, mpira unaweza kupinda. Mguu wa kusimamia ukitua mbele mno, mpira huruka chini na kuzuiwa. Lawama zote, hata hivyo, humwangukia mpiga teke.

Ajira? Timu kwa kawaida huweka mmoja tu, na wengi huingia bila kuchaguliwa kwenye drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya. Mpiga teke Adam Vinatieri alianzia timu ya Amsterdam, Uholanzi, akaingia NFL mwaka 1996 na kudumu misimu 24. Huyo ni wa nadra. Tangu 2015 hata pointi ya ziada, ile ya baada ya timu kufunga touchdown, hupigwa kutoka yadi 33, si mteremko tena, na mpiga teke akikosa mbili tatu mfululizo, wiki hiyohiyo timu huita wengine kujaribiwa.