Bolti Ikigoma Kufunguka, Usipige Risasi Nyingine

Agosti mwaka juzi, kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya San Antonio, Texas, nilipiga risasi ya nne, kisha mkono wa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu wa bunduki, ukagoma kunyanyuka. Haukuwa umekwama kabisa. Ulikuwa kama mlango wa mbao uliovimba wakati wa masika: ukiusukuma taratibu hauendi, ukiupiga kwa kiganja unaachia. Nikaupiga kwa kiganja. Ganda likatoka, na kwenye kitako chake palikuwa na alama ndogo ya mviringo inayong'aa, kana kwamba limegongwa muhuri. Mkono wangu ulikuwa tayari unaelekea kwenye boksi kuchukua risasi ya tano.

Mzee aliyekuwa meza ya jirani ndiye aliyenizuia. Hakunijua wala sikumjua. Aliniomba ganda lile, akaligeuza juani, akaniuliza swali moja tu: "Umebadilisha nini?" Nikamjibu sijabadilisha kitu. Baruti ile ile, uzito ule ule, kichwa cha risasi kile kile. Akanirudishia ganda na kuniambia nifunge boksi, niende nyumbani nikafikiri vizuri.

Naandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu tulioko Marekani ambao siku hizi wengi wanaingia kwenye uwindaji wa paa, na baada ya msimu mmoja au miwili wanaanza kujaza risasi wenyewe, yaani kutumia tena maganda yaliyopigwa kwa kuyatia fataki, baruti na vichwa vipya. Huku sheria ya taifa inamruhusu mtu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni. Nyumbani si hivyo. Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haitaki mtu atengeneze risasi bila leseni, kwa hiyo aliyeko kule asome kwa kujua tu, asijaribu.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Ganda ni la shaba, chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ni ya chuma. Baruti ikiwaka, ganda linatanuka na kubana ukuta wa chemba ili gesi isirudi nyuma usoni mwako. Presha ikishuka, ganda linanywea kidogo na kuachia. Presha ikizidi, shaba inavutwa kupita uwezo wake wa kurudi. Chuma kinarudi mahali pake, shaba hairudi, na ganda linabaki limebanwa. Ndiyo maana bolti inakuwa nzito. Kwa kaliba yangu, .308 Winchester, kiwango cha juu kilichowekwa na SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, ni psi 62,000 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba). Tairi la gari dogo lina kama psi 32. Nguvu hiyo yote inazuiwa na vile vipande viwili vya chuma vya mbele ya bolti, na uso wako uko sentimita chache nyuma yake.

Na hapa ndipo wengi tunapokosea: tunadhani dalili inakuja kabla ya hatari. Mara nyingi inapoonekana kwa macho, kiwango kimeshapitwa. Bolti nzito si taa ya njano.

Dalili inayosemwa sana ni fataki iliyolala bapa. Kule kwetu Sikonge, Tabora, babu alikuwa na gobore, na neno fataki nalijua tangu utotoni kwa kumwona akiipachika kwa ncha za vidole. Kwenye risasi ya kisasa ni kile kidude cha duara katikati ya kitako cha ganda. Fataki mpya ina kingo za mviringo. Presha ikiwa kubwa, inapondeka hadi kingo zinajaa tundu lote. Lakini fataki peke yake usiiamini. Zipo zenye kikombe laini zinazolala bapa kwa presha ya kawaida. Tena kama uliposawazisha ganda, yaani kulirudisha kwenye umbo lake, ulisukuma bega lake (pale linapoanza kuwa jembamba) nyuma kupita kiasi, fataki inachomoka kidogo, kisha ganda linarudi nyuma na kuigonga, ikawa bapa bila presha kuwa na kosa. Hata ule mdomo unaochomoza kuzunguka alama ya pini inayogonga fataki unaweza kuwa umetokana na tundu la pini lililo pana tu.

Mimi sasa naangalia dalili zikija pamoja. Bolti nzito na alama ya muhuri kwenye kitako, hapo hakuna mjadala. Ukiona masizi meusi kuzunguka fataki, au fataki imetoboka, acha siku hiyo hiyo. Kipima kasi nacho kinasema kweli: kama kitabu cha vipimo vya kujazia risasi kinakupa kasi fulani kwa kipimo cha juu cha baruti, na wewe kwa mtutu wa urefu ule ule unaipita, usifurahi. Kasi ya ziada hailetwi na kitu kingine isipokuwa presha. Na dalili ninayoiheshimu kuliko zote haionekani uwanjani kabisa. Unaipata mezani, unapopachika fataki mpya kwenye ganda la zamani na inateleza kuingia bila ukinzani. Tundu limeshatanuka. Ganda hilo limekufa.

Nilipofika nyumbani nikarudi kwenye swali la yule mzee. Ilinichukua jioni nzima kukubali kwamba nilikuwa nimebadilisha vitu viwili. Kipimo changu cha baruti nilikiandaa Januari, asubuhi ya nyuzi 5. Siku ile ilikuwa nyuzi 39, na boksi lilikaa kwenye dashibodi ya gari saa mbili nzima. Baruti ya moto inaungua kwa kasi zaidi kuliko ya baridi. Nyingine zimetengenezwa kustahimili tofauti hiyo, yangu haikuwa miongoni mwao.

La pili ni maganda. Ya kwanza yalikuwa ya kiraia. Haya nilipewa na rafiki, ya kijeshi, na kwa nje hayana tofauti yoyote. Nikachukua moja la kila aina, yote yamepigwa na bado yana fataki yake iliyotumika, nikayapima matupu, nikayajaza maji hadi mdomoni, nikayapima tena. La kijeshi lilibeba maji pungufu kwa greni mbili hivi. Greni ni kama miligramu 65, kitu kidogo sana mkononi. Lakini kuta za ganda la kijeshi ni nene, nafasi ya ndani ni finyu, na baruti ile ile kwenye chumba kidogo inaleta presha kubwa zaidi. Pengine joto peke yake lingepita salama, au ganda peke yake. Viliingia pamoja.

Kwako wewe inaweza kuwa kingine. Ganda lisilokatwa likarefuka, mdomo wake ukabana kichwa cha risasi kisitoke vizuri, kwa .308 urefu wa mwisho wa ganda ni milimita 51.18, na kipimo cha kalipa hakigharimu kitu. Kichwa kilichowekwa nje mno hadi kikagusa mifereji ya mtutu. Mizani ya umeme iliyowekwa karibu na feni. Fataki za magnamu, zenye moto mkali zaidi, badala ya za kawaida. Mafuta yaliyobaki kwenye chemba. Chunguza kimoja kimoja, usikisie.

Na risasi zilizobaki usizimalize eti kwa sababu umeshazijaza. Bolti ikigoma, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, usiusogeze uso karibu na bolti, na kama kiganja hakitoshi tumia nyundo ya mpira, si chuma. Nyumbani nilizifungua zote thelathini na sita kwa nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa, jioni mbili, huku mke wangu akiuliza kelele hizo zitaisha lini. Baruti nikaimwaga kwenye bustani badala ya kuirudisha koponi.

Nilianza upya na kipimo cha kuanzia cha kitabu, nikapanda nusu greni kila hatua, nikapiga mchana wa jua kali. Nikasimama chini ya pale nilipokuwa mwanzo kwa greni moja na nusu. Kasi ilipungua kidogo, na paa wa mita 120 hakuiona tofauti hiyo.

Yale maganda manne niliyaponda kwa koleo kabla ya kuyatupa, mwanangu asije akayaokota akadhani bado ni mazima.