Julai ya Dodoma haitaki ratiba ya Dar

Mhariri, mmeuliza: katika miezi hii ya baridi, upepo na asubuhi za giza, msomaji unafanyaje usivunjike moyo na afya isiyumbe? Mimi ni fundi cherehani, Majengo hapa Dodoma. Jibu langu: acheni kujilaumu kwa kushindwa kuamka saa kumi na moja kwenda kukimbia.

Angalieni jua lenyewe. Saa ni moja nchi nzima, ila Dodoma tuko magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linatufikia kama robo saa baadaye. Katikati ya Julai linachomoza karibu na saa 12:50 asubuhi. Novemba ni saa 12:10 hivi. Wanaoteseka zaidi ni wageni, hasa watumishi walioanza kuhamia huku na Serikali. Wanang'ang'ania ratiba ya pwani kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Wiki haiishi, raba zimerudi uvunguni na mtu anajiita mvivu. Uvivu uko wapi hapo? Mwili unaamshwa na mwanga, na mwanga haujafika.

Kuchelewa huko tunalipwa jioni, maana jua halizami mpaka saa 12:35 hivi. Sisi tulihamishia matembezi saa kumi na moja jioni. Nafunga cherehani, najitanda khanga mpaka puani kwa ajili ya vumbi, tunaondoka akina mama watatu wanne. Ukijifanya umechoka, utagongewa dirisha: "Dada, uko hai?" Utatoka tu, hata kwa aibu.

Vumbi nalo lina dawa yake: nyunyiza maji uani kabla hujafagia, na kitambaa cha kufutia vumbi ndani kiwe kibichi. Maji ya kunywa tunayasahau kwa sababu baridi inaficha kiu, huku hewa kavu inapasua midomo. Mimi naweka chupa pembeni ya mkasi. Chakula hakinisumbui, ugali wa uwele na mlenda wa kukausha vipo, na Agosti zabibu zinaanza kuvunwa.

Ninaloliogopa kuliko yote ni jiko la mkaa chumbani. Baridi ikibana, mtu anamaliza kupika, anaona makaa bado mekundu, anaona hasara kuyamwaga. Anaingiza jiko ndani, anafunga dirisha na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu, watoto wanalala. Makaa hayo yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Wengi wanadhani hatari ni moshi, na kwa kuwa makaa yaliyokolea hayatoi moshi wanaona pako salama. Ndiyo maana inaua watu usingizini bila hata kukohoa. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Ukizisikia, wote watoke nje palepale, kisha waende hospitali. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jirani yangu nilimkuta anavuka kizingiti na jiko, nikamwambia, "Shoga, hilo liache nje, njoo uchukue blanketi kwangu." Alininunia siku mbili. Sawa tu, blanketi amelichukua.

Na kikohozi tusikisingizie vumbi msimu mzima. Kikifika wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu. Katika vituo vya afya vya Serikali vipimo na dawa zake ni bure, na ukisubiri mpaka mvua za Desemba utakuwa umeshawaambukiza wa nyumbani.

Fundi cherehani, Majengo, Dodoma