Je, Mwamini Aliyeanguka Hurudishiwa Wokovu kwa Kutoa Sadaka?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mjane mwenye watoto watatu, nafanya biashara ya dagaa katika mwalo mmoja upande wa Ilemela, hapa Mwanza. Niliokoka miaka sita iliyopita. Mwaka jana biashara ilipoyumba nilianza kuacha mchanga kwa makusudi ndani ya magunia ili uzito uongezeke, nikauza hivyo kwa miezi kadhaa. Dhamiri iliponichoma nikamweleza mtumishi anayetuongoza. Akasema wokovu wangu umefutwa, jina langu limeondolewa katika kitabu cha uzima, na haliwezi kurudishwa bila sadaka ya ukombozi inayolingana na ukubwa wa dhambi. Alinisomea Kutoka 30 na habari za mjane wa senti mbili. Nimetoa mara mbili. Ya pili, shilingi 400,000, niliikopa kwenye kikoba. Sasa inatakiwa ya tatu, nami nimeambiwa nisipoitoa adhabu itawaangukia watoto. Mwanangu mdogo anaumwa tumbo tangu wiki iliyopita. Nimebaki na kiwanja alichoniachia mume wangu, na nimeshaipeleka hati kwa mtumishi ili aiombee apatikane mnunuzi. Je, nikiuze? Je, bado nimeokoka? Shemeji yangu naye anasema neema imeshafunika yote, nisihangaike na lolote.

JIBU: Dada yangu mpendwa, usikiuze kiwanja. Ninaanza na jambo hili kabla ya mengine yote kwa sababu barua inaweza kukufikia mnunuzi akiwa mlangoni, na kwa sababu mambo mengine yote nitakayoyasema yanaweza kusomwa polepole, ila hili haliwezi kungoja.

Umeuliza kama bado umeokoka. Wako walimu wa Kanisa wanaofundisha kwamba aliyezaliwa mara ya pili hawezi kupotea kamwe, na wako wanaofundisha kwamba mtu anaweza kuiacha imani kwa hiari yake mwenyewe. Mabishano hayo ni ya zamani, nami sitayafungua leo, kwa sababu hali yako haiwahusu wala hawa wala wale. Pande zote mbili zinakubali kwamba mwamini huanguka, na kwamba yule anayeungama hatupwi nje. Yohana aliwaandikia watu waliokwisha kuamini aliposema, "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Wewe umeungama, tena kwa uchungu, kabla hujashikwa na mtu yeyote. Kuhusu kitabu cha uzima, Ufunuo unakiita kitabu cha uzima cha Mwana-Kondoo, na sijapata kusoma mahali popote kwamba mwenye kitabu amemkabidhi mhubiri kalamu.

Sasa niingie katika yale uliyosomewa, maana mtu akidanganywa kwa Maandiko lazima afunguliwe kwa Maandiko hayo hayo.

Kutoka 30 inahusu kuhesabiwa kwa watu. Kila Mwisraeli mwenye umri wa miaka ishirini au zaidi alitoa nusu shekeli, na fedha hiyo ikatumika kwa utumishi wa hema ya kukutania. Inaitwa kweli fedha ya upatanisho, na hapo ndipo mhubiri wako amepata neno la kushikilia. Lakini sura hiyo hiyo inaagiza kwamba tajiri asilete zaidi na maskini asilete pungufu. Hakuna pale dhambi ndogo ya bei ndogo na dhambi kubwa ya bei kubwa, wala hakuna awamu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Anayetaka kukutoza kwa andiko hilo angepaswa kukutoza nusu shekeli, naye mwenyewe angelipa nusu shekeli, kisha mambo yakaishia hapo. Hata dhabihu za dhambi katika Torati zilimhurumia asiye na kitu: asiyeweza kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyeweza hata hao alileta unga kidogo. Torati, ambayo tunaambiwa ilikuwa nzito, ilikuwa nyepesi kuliko madhabahu uliyopelekwa wewe.

Halafu hayo yote yalikuwa kivuli. Petro, mvuvi aliyejua bei ya samaki, anaandika kwamba mlikombolewa "si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu," bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Huyu ndiye Petro ambaye Simoni wa Samaria alipomletea fedha ili anunue karama, alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Petro alimkemea mnunuzi. Hapa kwetu mnunuzi ni mama mwenye hofu, na anayestahili kemeo ni muuzaji.

Habari ya mjane wa senti mbili inaniumiza zaidi, kwa kuwa wewe nawe ni mjane, na nadhani ilichaguliwa kwa sababu hiyo. Fungua Injili ya Luka, lakini usianzie sura ya 21 kama tulivyozoea. Luka hakuandika kwa sura. Mgawanyo huo uliwekwa karne nyingi baada yake, nao umelikata jambo moja vipande viwili. Anza mwisho wa sura ya 20, mahali Bwana anapowaonya wanafunzi wajihadhari na waandishi "wanaokula nyumba za wajane, na kwa unafiki husali sala ndefu." Mara tu baada ya maneno hayo anainua macho, anamwona mjane akitia vyote alivyokuwa navyo. Kisha endelea mbele kidogo: watu wanalisifia hekalu kwa mawe yake mazuri, naye anasema halitabaki jiwe juu ya jiwe. Bwana alimsifu mama yule kwa moyo wake, na mimi sithubutu kumpunguzia sifa hiyo. Lakini hakuwasifu waliokuwa wakilijaza sanduku, na mjane yule hakuwa akinunua msamaha, wala hakuna mtu aliyemwandikia kiasi. Anayemsomea mjane habari hii ili amnyang'anye nyumba ameruka aya moja tu, na aya hiyo inamtaja yeye.

Dada, kuna andiko ambalo hukusomewa, ingawa ndilo linalohusu dhambi yako hasa. Walawi sura ya 6 inazungumza juu ya mtu aliyemdhulumu mwenzake au kumdanganya katika mali. Anaagizwa kurudisha alichochukua, aongeze na sehemu ya tano, na kumpa "huyo mwenyewe," yaani aliyedhulumiwa. Kweli alileta pia kondoo dume wa hatia kwa kuhani, na Hesabu sura ya 5 inaruhusu malipo yenyewe yamwendee kuhani, lakini pale tu ambapo aliyedhulumiwa hayupo na hana jamaa wa kupokea. Kondoo wetu alikwisha kuchinjwa Kalvari. Kilichobaki ni kile cha mwenyewe, nawe umeambiwa ukilete madhabahuni huku wanunuzi wako wakiwa hai, wenye simu, na pengine unawaona kila wiki sokoni Kirumba.

Mtazame Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri. Alisema atawapa maskini nusu ya mali yake, na aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Hesabu mwenyewe: maskini wamepata, waliodhulumiwa wamepata, na Bwana Yesu, aliyekuwa ameketi nyumbani mle, hakudai hata senti. Mtu anaweza kuniambia kwamba maneno "Leo wokovu umefika nyumbani humu" yalitamkwa baada ya Zakayo kuahidi kulipa, kwa hiyo malipo ndiyo yaliyouleta. Sivyo. Zakayo alikuwa bado juu ya mkuyu, mifuko yake imejaa mali ya watu, alipoitwa kwa jina na kuambiwa, "leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Watu walinung'unika kwa sababu hiyo hiyo, kwamba Bwana ameingia kukaa kwa mwenye dhambi ambaye hajarudisha kitu. Mgeni aliingia kwanza, na mkono uliokuwa umefumba ukafumbuka kwa sababu mgeni amekwisha kuingia. Paulo anasema hivyo hivyo kwa Waefeso: tumeokolewa kwa neema, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu," na katika aya inayofuata papo hapo anasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema." Matendo yapo, tena ni ya lazima, ila yanakuja nyuma ya neema kama mtumbwi unaovutwa na wenye injini.

Kanisa limewahi kuugua ugonjwa huu. Mwaka 1517 Martin Luther aliandika hoja zake 95 kwa sababu Johann Tetzel alikuwa akizunguka Ujerumani akitoa vyeti vya rehema, yaani vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, kwa fedha, na sehemu ya fedha hiyo ilikuwa ya kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Haifai tuwatupie Wakatoliki jambo hili kama fimbo, maana Papa Pius V mwenyewe alipiga marufuku rehema za kulipia mwaka 1567, na mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi pale Augsburg tamko la pamoja linalokiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema pekee, si kwa stahili yetu. Basi biashara iliyowatia aibu Wakristo wa Ulaya, hata pande mbili zilizofarakana kwa ajili yake zikaikataa, inafufuliwa leo kandokando ya ziwa letu na watu wanaojiita waliookoka! Nasema "wanaojiita" nikijua uzito wake. Wazee wetu wa uamsho, ule uliotoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukavuka hadi Bukoba na kuzunguka ziwa hili, walijulikana kwa kuungama na kurudisha. Mtu aliokoka, kesho yake akaonekana amebeba jembe la jirani aliloiba zamani, na lile jembe lilikwenda kwa jirani.

Kwa shemeji yako sina maneno mengi. Paulo aliliuliza mwenyewe jambo hilo, kama tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi, akajibu kwa neno moja: "Hasha!" Neema imefunika dhambi yako mbele za Mungu, lakini haijatoa mchanga ndani ya magunia ya watu.

Kuhusu mtoto, aliyekutia hofu hiyo amekutenda vibaya kuliko alivyokutenda katika fedha. Ezekieli 18 inakana wazi kwamba mwana huchukua uovu wa baba yake, na wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, Bwana aliyakataa majibu yote mawili waliyomletea. Mtoto wa mwaloni anayeumwa tumbo wiki nzima anatakiwa apelekwe zahanati, apimwe malaria na pia kichocho, hasa kama anaoga na kucheza ziwani kama tulivyocheza sisi sote. Mpeleke kesho asubuhi kabla hujashughulika na lingine. Kumwombea ni vizuri, nami ninamwombea, lakini usiyafanye maombi kuwa sababu ya kuchelewa.

Kisha anza na kikoba. Wale kina mama waliweka akiba yao kwa jasho, na kila wiki unayochelewesha marejesho unawabebesha wao dhambi ambayo Kristo amekwisha kuibeba. Waeleze ukweli kwamba umekwama, uombe muda, na ulipe kidogo kidogo. Baada ya hapo kumbuka wanunuzi unaowajua. Huhitaji kuwatangazia wote siku moja. Anayekuja tena kununua, mwambie, "Mzigo ule niliokuuzia ulikuwa na mchanga na nilijua," kisha umwongezee kilo za haki juu ya mzigo wake mpya mpaka deni liishe. Mwingine atakutukana, mwingine atacheka, na huenda mmoja akakuhama. Hilo nalo ni sehemu ya gharama, na siwezi kukuahidi vinginevyo. Wale usiowajua, waliopakia wakaenda zao Kongo au Burundi, fidia yao wape wenye njaa walio karibu nawe, kwa siri, bila kupitia mkono wa mtu anayeitangaza. Na dagaa wako tangu sasa uwaanike juu ya chanja au wavu badala ya mchangani. Mimi nimekula dagaa wenye mchanga maisha yangu yote, kwa hiyo najua si kila chembe ni dhambi, lakini wewe umekwisha kujaribiwa mahali hapo, na ni busara kuliondoa jaribu lenyewe.

Juu ya kanisa unaloabudu, waendee wazee wawili na umwombe mtumishi aeleze mbele yao andiko lililoweka bei. Akikiri kosa, msamehe kama ulivyosamehewa. Akikataa au akikulaani, ondoka bila kugombana, utafute ushirika ambako Neno linafundishwa na mahesabu ya sadaka yanasomwa mbele ya watu. Kama hutaki kwenda peke yako kuichukua hati ya kiwanja, nenda na shemeji yako. Kwa kazi hiyo atafaa kuliko kwa kufundisha.